Foleni ya Skauti: Nani Hupewa Nafasi, na Kwa Hesabu Gani

Uingereza kuna watoto wanaoandikishwa skauti kabla hawajaota meno. Mzazi hujaza fomu ya kundi la mtaani kwake, huandika jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha husubiri miaka akitumaini kwamba mtoto akifikisha umri nafasi itakuwa imepatikana. Makundi mengine yamechoshwa na mtindo huo, hayapokei jina mpaka mtoto afike umri fulani. Hata hivyo foleni haipungui. Katika miaka hii ya 2020 chama chenyewe kimekuwa kikitaja hadharani idadi inayozunguka kwenye 100,000 ya watoto wanaosubiri. Girlguiding, chama cha wasichana, nacho kina foleni yake ya makumi ya maelfu.

Kwa msomaji wa Kisumu au Morogoro jambo hili lina ugeni wake. Kwetu skauti ni habari ya shule: mwalimu anatangaza, wanaotaka wanabaki baada ya masomo, paredi inaanza. Lakini familia za Afrika Mashariki zinazohamia Uingereza, zikiwemo za wauguzi waliokwenda tangu Kenya na Uingereza zitiliane saini makubaliano ya ajira ya wahudumu wa afya Julai 2021, hukutana na foleni hii mapema. Mtoto wa miaka tisa aliyekuwa skauti shuleni kwao Nakuru anaambiwa kundi la karibu limejaa, aache jina. Hajakataliwa, ila hana tarehe.

Namna kundi linavyoamua nani aingie huonekana kazi ya katibu na daftari lake. Mimi naona ni miongoni mwa maamuzi mazito yanayofanywa na watu wasiolipwa hata senti, na mara nyingi hufanywa bila mtu kutambua kwamba anaamua.

Tuanze na umbo la kundi lenyewe. Makao makuu ya skauti wa Uingereza yako Gilwell Park, pembezoni mwa London, na huko ndiko kanuni zinakotungwa. Lakini makao makuu hayagawi nafasi. Kila kundi ni shirika dogo la hisani linalojisimamia: lina wadhamini wake, mweka hazina wake, ukumbi wake au ukumbi wa kanisa linaoukodi jioni moja moja kwa wiki. Neno la mwisho juu ya mtoto kupokelewa liko kwa kiongozi wa kundi. Kwa hiyo hakuna foleni moja ya taifa, kuna maelfu ya foleni ndogo. Nyingine zina utaratibu ulioandikwa na kupitishwa na wadhamini, nyingine ziko kichwani mwa mama mmoja aliyelitumikia kundi tangu watoto wake mwenyewe wakiwa wadogo. Mtoto aliyeandikishwa katika makundi matatu anaweza kuhesabiwa mara tatu, kwa hiyo ile 100,000 isomwe kwa tahadhari.

Ndani ya kundi kuna ngazi kwa umri. Squirrels ni wa miaka 4 hadi 6, ngazi iliyozinduliwa Septemba 2021. Beavers ni 6 hadi 8, Cubs 8 hadi 10 na nusu, Scouts 10 na nusu hadi 14, kisha Explorers hadi 18. Angalia urefu wa kila ngazi, maana hapo ndipo ilipofichwa hesabu ambayo wazazi wengi hawaioni.

Chukua kundi la kufikirika lenye Beavers, Cubs na Scouts, kila ngazi ikiwa na watoto 24. Beaver hukaa miaka miwili, basi kila mwaka watoto 12 hupanda. Cub hukaa miaka miwili na nusu, kwa hiyo kwa mwaka hutoka watoto 10 hivi. Tayari Beavers 12 wanagonga mlango wenye nafasi 10. Scouts hukaa miaka mitatu na nusu: hutoka saba kwa mwaka, na kutoka chini wanakuja 10. Hakuna hata nafasi moja ya mtoto wa nje katika ngazi za juu, isipokuwa waliomo waache njiani. Wanaacha, bila shaka. Mmoja anavutwa na mpira, mwingine anahama, mwingine anafikisha miaka kumi na miwili na kuona skafu ni aibu. Ila kundi linaloendeshwa vizuri ndilo linaloachwa na wachache, na hivyo ndilo gumu zaidi kuingia. Ni kama daladala iliyojaa tangu kituo cha kwanza: anayesubiri katikati ya njia huiona ikipita, na kondakta hata hana haja ya kumtazama.

Kumbe ugawaji mkubwa kuliko wote ni ule usioitwa ugawaji: kanuni kwamba aliyemo ndani hupanda kwanza. Sisemi ifutwe. Mtoto aliyekwisha kula kiapo na kulala kambini na wenzake hawezi kutolewa siku anapotimiza miaka minane ati kuna wengine wanangoja. Lakini lazima ikubalike kwamba matokeo yake ni mlango mmoja tu, nao uko chini kabisa, kwenye miaka sita. Anayekuja baadaye anakuta umefungwa. Na nani huja baadaye? Mhamiaji, familia iliyohamishwa na kodi ya nyumba, mtoto anayelelewa na walezi wa serikali na kuhamishwa kutoka nyumba hii hadi ile. Chama kilipoanzisha Squirrels kilisema wazi kwamba kinataka kuwafikia watoto wadogo, hasa wa maeneo yenye dhiki, na palipofunguliwa kundi jipya mtaa usiokuwa na kitu, nia hiyo inaweza kutimia. Palipokuwa na kundi lenye foleni ndefu, ninachokiona ni kwamba mbio zilizokuwa zikianzia miaka sita sasa zinaanzia minne.

Mtu atauliza: kama watoto ni wengi, kwa nini lisifunguliwe kundi la pili, jioni nyingine, ukumbi uleule? Viti vipo, meza zipo. Jibu ni kwamba nafasi ya mtoto katika skauti haihesabiwi kwa kiti. Ukiona vyaelea vimeundwa, na waundaji hapa ni watu wazima wanaotoka kazini na kwenda moja kwa moja kufundisha mafundo ya kamba. Kanuni za chama zinataka, kwa shughuli za nje mbali na ukumbi wao wa kawaida, mtu mzima mmoja kwa kila Squirrels 4, mmoja kwa Beavers 6, mmoja kwa Cubs 8, mmoja kwa Scouts 12, na juu ya hao awepo kiongozi mwenye dhamana. Hata ndani ya ukumbi, mtu mzima mmoja peke yake haruhusiwi. Vijana wa miaka 14 hadi 18 wanaosaidia ni hazina kubwa, lakini katika hesabu hiyo hawahesabiwi watu wazima. Na mtu mzima mwenyewe haokotwi njiani: hukaguliwa rekodi ya jinai, hupewa mafunzo ya kumlinda mtoto, huduma ya kwanza na mengineyo.

Janga la Uviko lilionyesha jambo hili wazi. Mwaka 2020 chama kilikuwa na takriban vijana na watoto 480,000, na sensa ya 2021 ikakuta takriban 363,000. Zaidi ya laki moja walitoweka kwa mwaka mmoja. Kumbi zilipofunguliwa watoto walirudi kwa kishindo, lakini kiongozi aliyekuwa ameonja jioni za kupumzika nyumbani hakurudi kwa kasi hiyo. Wakati huohuo halmashauri za Uingereza, zilizobanwa bajeti tangu 2010, zilikuwa zimekwisha kukata zaidi ya theluthi mbili ya fedha za huduma kwa vijana. Vilabu vya jioni vilifungwa, na mzigo ukahamia kwa wanaojitolea. Foleni ya skauti, kwa sehemu, ni bili ya hatua hizo iliyofika kwenye anwani nyingine.

Ikiwa nafasi ni mtu mzima, basi linafuata jambo ambalo makundi mengi hulifanya na machache hulitamka: mzazi akijitolea, mtoto wake anaingia. Hapa ndipo penye utata wa kweli.

Utetezi wake ni wa hesabu, na ni mzuri. Mzazi mmoja akiwa kiongozi wa Beavers anaweza kufungua nafasi sita. Moja akimpa mwanawe, tano zinabaki za walio kwenye foleni. Aliyeruka foleni amewasogeza wenzake mbele. Ukimkatalia kwa jina la usawa, mtoto wake hapati, na wale watano hawapati. Nimesikia watu wakiita utaratibu huu rushwa. Si rushwa. Rushwa humnufaisha mpokeaji mmoja gizani, na huyu anawanufaisha wengi waziwazi.

Lakini jiulize ni mzazi gani aliye huru saa kumi na mbili jioni ya kila Jumanne. Si muuguzi anayefanya zamu za saa kumi na mbili, ambaye ratiba yake hubadilika kila wiki. Si dereva wa teksi, ambaye jioni ndiyo saa yake ya mapato. Si mama wa peke yake mwenye kichanga mgongoni. Ukaguzi wa rekodi nao una usumbufu wake kwa aliyeishi nchi tatu, anayetakiwa kuonyesha nyaraka na anwani za nyuma. Na kuna haya, ambayo haiandikwi popote: mtu aliyefika mwaka jana, ambaye Kiingereza chake bado kina lafudhi ya Kigoma, hujiuliza kama kweli anafaa kusimama mbele ya watoto wa watu. Kwa hiyo kigezo kinachoonekana cha moyo, yaani nani yuko tayari kujitolea, kwa vitendo kinakuwa kigezo cha aina ya kazi na aina ya ndoa.

Halafu kuna udhaifu wa utekelezaji. Mzazi anaahidi, mtoto anapokelewa, mzazi anafika mwezi wa kwanza, wa pili anaomba udhuru, wa tatu haonekani. Utamfukuza mtoto? Viongozi ninaowafahamu hawawezi, na ni heri wasiweze, kwa kuwa mtoto hakuahidi chochote. Basi ahadi inabaki haina meno, na anayeumia ni mzazi mkweli aliyesema tangu mwanzo kwamba hana muda.

Msimamo wangu ni kwamba utaratibu huu ubaki, ila kazi inayohesabiwa ipanuliwe. Kundi halihitaji viongozi wa jioni peke yao. Linahitaji mtu wa kufunga hesabu, wa kushona mahema yaliyochanika, wa kupika kambini wikendi moja kwa mwaka, wa kuendesha gari, wa kuosha ukumbi Jumapili, wa kuzungumza na wazazi wapya kwa lugha yao. Muuguzi wa zamu hawezi Jumanne, lakini anaweza kufundisha huduma ya kwanza mara mbili kwa mwaka, na kusema kweli atafundisha vizuri kuliko wote waliopo. Kundi linalohesabu kazi moja tu, ile ya kiongozi wa kila wiki, linajinyima wasaidizi kisha linalalamika kwamba halina.

Vigezo vingine vina uzito mdogo kuliko huo, ingawa ndivyo vinavyogombewa zaidi.

Tarehe ya kuandikishwa huonekana haki kamili: aliyetangulia katangulia. Programu za kompyuta zimeipa nguvu zaidi. Makundi mengi hutumia Online Scout Manager kutunza kumbukumbu za watoto, pamoja na wanaosubiri, na programu ya namna hiyo hupanga majina kwa tarehe kwa mguso mmoja, hata mtu akadhani mpangilio huo umeshuka kutoka mbinguni. Lakini tarehe ya kuandikishwa haipimi hamu ya mtoto wala haja yake. Inapima mzazi alijua lini. Aliyekulia mtaani, ambaye mwenyewe alikuwa Cub katika ukumbi uleule, anajua tangu hospitali ya uzazi. Mgeni anajua mwanawe anaporudi shuleni na kuuliza kwa nini wenzake wana skafu. Tofauti kati yao inaweza kuwa miaka mitano ya foleni, na hakuna hata mmoja aliyefanya hila.

Njia ya pili ni kumtanguliza mwenye umri mkubwa zaidi kati ya wanaosubiri ngazi hiyo. Inampa wa mwisho-mwisho bahati yake ya mwisho, na inafuta faida ya kuandikishwa uchangani. Tatizo lake ni kwamba mtoto wa miaka saba na miezi tisa anaingia Beavers, anakaa muhula mmoja, kisha anakuta Cubs wamejaa. Kundi linalofuata njia hii lazima liangalie ngazi mbili kwa pamoja, jambo ambalo kiongozi wa ngazi moja halizoei. Hata hivyo, kati ya mbili hizi mimi ningechagua hii, kwa sababu kosa lake linarekebishika kwa mpango mzuri, na kosa la tarehe halirekebishiki.

Ndugu wa walio ndani hupewa kipaumbele karibu kila mahali, na sababu inaeleweka: mzazi mwenye watoto wawili katika makundi mawili hawezi kuwa sehemu mbili jioni moja, na familia iliyokwisha kulijua kundi husaidia zaidi. Ila kwenye kundi dogo nafasi nne za muhula zinaweza kumezwa zote na wadogo wa walio ndani. Kundi likawa la koo chache. Ingetosha udugu utumike pale watoto wawili wanapolingana kwa vigezo vingine.

Jinsia haikuwa suala zamani, kwa kuwa wasichana hawakuruhusiwa, na historia hiyo inafaa kukumbushwa. Mwaka 1909, maskauti walipokusanyika Crystal Palace mjini London, wasichana walijitokeza na mavazi yao wakitaka kutambuliwa. Jibu la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, lilikuwa kuwaanzishia chama chao mwaka 1910, chini ya dada yake Agnes. Skauti wa Uingereza walianza kupokea wasichana katika ngazi ya vijana wakubwa mwaka 1976, wakaruhusu ngazi zote 1991 kwa hiari ya kila kundi, na tangu 2007 kila kundi linawapokea. Imani nayo ilikuwa mlango. Zaidi ya karne moja mtoto aliahidi kumtumikia Mungu, na ni tangu Januari 2014 ndipo asiye na dini alipopewa maneno mbadala ya ahadi. Kila mlango uliofunguliwa uliongeza watu kwenye foleni bila kuongeza viongozi kwa kiasi kile kile. Simaanishi kwamba ilikuwa makosa kuufungua.

Mtoto mwenye ulemavu ni suala gumu zaidi, na ndilo makundi hulijibu vibaya kwa nia njema. Sheria ya Usawa ya 2010 inakitaka chama kama hiki kifanye marekebisho yanayowezekana ili mtoto huyo ashiriki. Kiongozi anayesoma fomu na kuona mtoto anahitaji mtu wa kumshika mkono muda wote hufanya hesabu kimya kimya: huyu mmoja ni mtu mzima mmoja, na mtu mzima mmoja ni Beavers sita. Kisha anaandika barua ya upole: tukimpata msaidizi tutakujulisheni. Barua hiyo huweza kukaa miaka. Hakusema hapana, ila jina limewekwa kwenye foleni isiyo na mwisho. Hapa ndipo kundi linapopaswa kuwa na desturi iliyoandikwa kwamba fomu ya namna hiyo ikija, wito wa kumtafuta msaidizi unatolewa mwezi huohuo, kwa wazazi wote na kwa viongozi wa wilaya, na mtoto anapangiwa muhula.

Kwa nini tujisumbue hivi kwa ajili ya michezo ya jioni? Kuna ushahidi wa kujibu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow walichapisha uchambuzi wa takwimu za watu karibu 10,000 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958 na kufuatiliwa maisha yao yote. Waliokuwa skauti au Girl Guide utotoni walikuwa na uwezekano mdogo, kwa asilimia 15 hivi, wa kuwa na wasiwasi uliopitiliza au matatizo ya hisia walipofikia miaka 50. Kilichonivutia zaidi ni sehemu ya pili ya matokeo. Kwa kawaida aliyetoka familia maskini huwa na afya ya akili dhaifu zaidi ukubwani, lakini miongoni mwa waliopitia skauti pengo hilo lilikuwa dogo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba skauti ndiyo sababu, maana huenda watoto waliojiunga walikuwa na kitu kingine cha kuwainua. Hata hivyo, ikiwa kuna faida, basi inaelekea kumfaa zaidi mtoto wa mwenye dhiki, yuleyule ambaye foleni ya tarehe humweka nyuma.

Na mwanzilishi mwenyewe hakutumia foleni. Kambi ya majaribio ya Brownsea, kisiwa kidogo karibu na mji wa Poole, Agosti 1907, ilikuwa na wavulana wapatao 20, na Baden-Powell aliwachagua kwa makusudi: nusu kutoka shule za matajiri, nusu kutoka vikosi vya Boys' Brigade vya Poole na Bournemouth, watoto wa wafanyakazi. Ada nayo ilitofautiana. Wa shule za matajiri walitozwa pauni moja, wenzao shilingi tatu na peni sita, ambayo ni chini ya moja ya tano. Alikuwa mtu wa dola na wa zama zake, na mengi aliyoamini hayatufai. Lakini kambi ile isingekuwa na mchanganyiko ule kama angefungua daftari na kusubiri nani angetangulia kuandika.

Mchanganyiko huo haukuvuka bahari. Skauti iliingia Kenya mwaka 1910, na enzi ya ukoloni watoto waligawanywa kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Mwanahistoria Timothy Parsons ameandika kitabu kizima juu ya skauti na ubaguzi katika Afrika ya Waingereza, na humo wamo pia vijana waliovaa sare bila idhini ya mtu yeyote, wakijifanya skauti kwa nguvu zao wenyewe. Kwa Mwafrika mlango wa skauti ulikuwa shule, na shule zenyewe zilikuwa haba. Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi uliondoka, kiungo na shule kikabaki. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zenye maskauti wengi zaidi duniani, na ngazi zake zina majina ya nyumbani: Sungura, Chipukizi, Mwamba, Jasiri. Kila Februari maskauti hukusanyika Nyeri, alikozikwa Baden-Powell mwaka 1941.

Mfumo wa shule umefuta foleni kwa ustadi ambao Waingereza wangeuonea wivu. Watu wazima wapo tayari, ni walimu. Ukumbi upo, ni uwanja. Mtoto mgeni akihamia shuleni Januari anaweza kuwa skauti Februari. Ila tusijisifu mno. Mwalimu mlezi akihamishwa, kikundi kinalala mpaka apatikane mwingine mwenye moyo, yaani kizingiti ni kilekile cha mtu mzima kikiwa na sura nyingine. Na mchujo upo, ingawa hauitwi hivyo: sare, skafu, nauli na ada ya kambi. Asiyeweza hajazuiwa na mtu, anabaki tu darasani. Mtoto asiyesoma shule yenye skauti, au asiyesoma kabisa, hayumo hata kwenye hesabu. Mwingereza walau anaweza kutaja urefu wa foleni yake. Sisi hatuna daftari la waliokosa.

Nikiombwa kuandikia kundi la mtaa wa Uingereza utaratibu wake, ningeanza kwa kuutoa kichwani mwa mtu na kuubandika ukutani. Ningeweka umri kuanza kuandikishwa, si zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ngazi ya kwanza, ili uchanga usiwe mtaji. Ningesafisha foleni kila mwaka kwa kuuliza kila mzazi kama bado anataka, maana majina mengi ni ya waliokwisha kuhama au kupata kundi jingine. Ningeacha nafasi mbili au tatu katika Cubs na tena katika Scouts kila mwaka zisijazwe na wanaopanda, ziwe za watoto waliofika mtaani karibuni au walioletwa na shule na maafisa wa ustawi wa jamii. Kwa ile hesabu ya kufikirika, hii ina maana Beavers wachache watasubiri muhula mmoja au miwili kabla ya kupanda, au Cubs iongezewe mtu mzima mmoja. Gharama hiyo ni halisi, na isifichwe.

Kiongozi atasema, na nimewahi kuambiwa hivyo, kwamba mzazi aliyesubiri miaka mitatu atawaka akiona mtoto aliyekuja juzi anavishwa skafu. Atawaka. Ndiyo maana maneno ya nafasi hizo yanafaa kuwa kwenye fomu yenyewe, juu ya mstari wa sahihi, pamoja na idadi ya walioingia kwa kila njia mwaka uliopita: wangapi kwa zamu, wangapi kwa udugu, wangapi kwa kazi ya wazazi, wangapi kwa haja. Idadi hizo nne huweza kutolewa na katibu yeyote kwa jioni moja, na mzazi akizisoma kabla ya kutia sahihi ataamua mwenyewe kama aingie kwenye foleni hiyo, ajaribu kundi la mtaa wa pili, au aulize ni kazi gani wanaihitaji wikendi.